Sura ya Sita: Ggaba na Ufukwe Unaohama

Barabara ya Ggaba huiacha Kampala taratibu. Hupita Kabalagala, Kansanga na Bunga, kisha huteremka hadi ikakatwa na maji. Hapo ndipo mji unapokoma na kuanza lile ziwa ambalo Waganda huliita Nnalubaale na ramani huliita Victoria. Alfajiri mwalo hujaa watu. Wapo wanaopokea samaki, wapo wanaogombania bei ya mukene, yaani dagaa wa ziwani, na wapo wapagazi wanaoingia majini hadi mapajani kubeba mizigo iliyovuka ghuba usiku. Mkono mmoja kuna soko, mkono mwingine mitambo inayosafisha maji ya kunywa ya mji. Juu ya mwinuko kuna seminari kuu ya Kanisa Katoliki.

Msomaji aliyezoea vitabu vya picha za kale hatarajii sura nzima kuhusu mahali kama hapa. Tumezoea kutafuta mji wa zamani penye mawe: Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu, Ngome ya Yesu kule Mombasa. Huko picha ya mwaka 1890 unaweza kuishika mkononi ukasimama pale pale aliposimama mpiga picha, ukahesabu milango. Beit al-Ajaib ya Unguja iliyojengwa mwaka 1883 ilipoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, hakuna aliyehitaji kuuliza ilifananaje, kwa maana ilikwisha kupigwa picha mara maelfu. Ggaba haina bahati hiyo. Majengo yake ya mwanzo yalikuwa ya matete na nyasi, njia zake zilikuwa za miguu, na kitu chake kikubwa kuliko vyote, ukingo wa ziwa, hakikai mahali pamoja. Kwa sababu hiyo hiyo ndipo mahali pazuri pa kujifunzia kusoma picha ya zamani. Hapa ukuta hautakusaidia, itakubidi utazame vingine.

Tuanze na neno. Kiganda huita picha ekifaananyi, na wingi wake ni ebifaananyi. Mswahili hahitaji mkalimani, maana ndani yake mna kitenzi chetu wenyewe, kufanana. Picha ni kinachofanana. Neno hilo halibagui kama kilichofanana kilichorwa kwa mkono, kilichongwa au kilipigwa kwa kamera. Nalipenda kwa sababu linasema kweli ambayo neno letu la mkopo, picha, limeificha: kinachofanana na kitu sicho kitu chenyewe, na kufanana kuna daraja zake. Kote katika sura hii tutakutana na daraja hizo.

Kamera ingeweza kufika kwenye ghuba hii mapema sana. Mwaka 1860, James Augustus Grant, mwenzake John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha Unguja. Picha hizo ni miongoni mwa za kwanza kabisa zilizobaki za kisiwa kile, na soko la watumwa limo. Upigaji picha wa siku hizo ulikuwa kazi ya kutoa jasho. Ilimlazimu mpiga picha ajifungie ndani ya hema dogo lenye giza, apake dawa kwenye kioo, apige, kisha asafishe kioo kabla dawa haijakauka. Joto la Afrika Mashariki ndani ya hema lile lilitosha kumuua mtu, na Speke akaona kazi hiyo haifai. Grant akaiacha kamera, akashika penseli na rangi za maji. Basi mwaka 1862, Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, na kupanda naye mitumbwi kwenye ghuba, hapakuwa na kamera. Speke akaipa ghuba jina la Roderick Murchison, mkuu wa chama cha wanajiografia cha London, na jina hilo limebaki kwenye ramani hadi leo. Mandhari ya siku ile yamebaki kwa maneno na michoro tu.

Ilichukua miaka 13 zaidi. Tarehe 5 Aprili 1875, Henry Morton Stanley alitia nanga Usavara, mahali panapojulikana leo kuwa Busabala, upande wa pili wa Munyonyo ukitokea Ggaba. Kabaka alikuwa kwenye kambi yake ya mawindo kandokando ya ghuba. Mwaka huo huo Stanley alimpiga picha Mutesa pamoja na Katikkiro, yaani waziri mkuu, na wakuu wake, picha inayohesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kupigwa katika nchi iliyokuja kuitwa Uganda.

Lakini wasomaji wa wakati ule hawakuiona picha yenyewe. Kitabu cha Stanley kilichotoka mwaka 1878 kilibeba mchoro uliochongwa kwa kufuata picha, kwa kuwa mitambo ya uchapaji ilikuwa bado haijaweza kutia picha ya kamera moja kwa moja kwenye ukurasa wa maandishi. Fundi wa kuchonga akiwa Ulaya, ambaye hajapata kumwona Mganda, ndiye aliyeamua mkunjo wa nguo ukae vipi na macho yatazame wapi. Kwa miongo mingi dunia ilimjua Mutesa kwa mkono wa fundi huyo. Huo ni ufanano wa ufanano.

Mtazamaji Mswahili atagundua jambo jingine haraka kuliko mtu wa Ulaya. Waliomo kwenye picha ile wamevaa kama watu wa Unguja wa siku zile: kanzu, majoho, kofia. Mutesa alijua Kiswahili, na alipoondoka Stanley, kijana Dallington Maftaa, mwanafunzi wa shule ya wamisionari wa Unguja, alibaki kwa Kabaka awe msomaji na mwandishi wake. Kwa hiyo picha ya kwanza ya wenye ghuba hii ni pia picha ya mkono mrefu wa pwani. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na Tabora iliishia kwenye maji haya haya.

Sasa tutazame maji yenyewe, maana humo ndimo mlimokuwa na ufundi mkubwa wa Buganda, na ufundi huo umetoweka. Katika picha za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 utaona mitumbwi mirefu iliyojengwa kwa mtindo wa visiwa vya Ssese. Usidhani ni magogo yaliyochimbwa. Ni mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea bila msumari hata mmoja. Mkuku wake huchomoza mbele ya chombo kama pembe, na juu yake husimama mti uliopambwa kwa pembe za mnyama na manyoya, ukiunganishwa na chombo kwa kamba yenye vishada vya nyasi. Mtu wa Lamu akiona picha hiyo atashtuka, maana naye babu zake walikuwa na mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba za mnazi. Watu wawili wasiojuana, mmoja baharini na mwingine ziwani, walifikia jibu moja: ubao hushonwa kama nguo. Mtepe ulikwisha katika karne ya 20, na mtumbwi wa Ssese wa kushonwa nao ukaisha. Leo mitumbwi ya mwaloni Ggaba ni ya mbao zilizopigiliwa misumari, na mingi husukumwa na injini. Ukitaka kuujua mshono wa zamani ulikuwa na nafasi kiasi gani kati ya tundu na tundu, nenda kwenye picha nzuri ukaichungulie kwa kioo cha kukuzia.

Picha hizo walizipiga akina nani? Wamisionari na maofisa, kwa sehemu kubwa. Charles William Hattersley, mwalimu wa misheni ya Kianglikana ya CMS, alitoa mwaka 1906 kitabu kuhusu Uganda kilichojengwa juu ya picha zake, na kingine mwaka 1908 kuhusu maisha ya Waganda nyumbani kwao. Harry Johnston, aliyekuja kama kamishna wa serikali ya Uingereza, alichapisha mwaka 1902 majuzuu mawili makubwa yenye mamia ya picha. Alikuwapo pia Alfred Lobo, mpiga picha mwenye asili ya Goa, ambaye picha zake za Uganda ziliuzwa kama kadi za posta. Wagoa hao walikuwa mafundi wa kamera wa pwani nzima. Unguja akina Gomes na Coutinho walikuwa na studio zao tangu karne ya 19. Udhaifu wa kazi zao zote ni maelezo. Kadi hukuambia kwamba hili ni Ziwa Victoria, huyu ni chifu, hawa ni wavuvi. Ziwa hilo lina ukingo wa maelfu ya kilomita. Mwalo upi? Wavuvi wa nani?

Hapo ndipo vilima vinapokuja kutoa ushahidi. Nyumba huungua, miti hukatwa, ufukwe husogea, lakini mgongo wa kilima hubaki ulivyo. Picha iliyopigwa kutoka majini kuelekea Ggaba lazima iwe na mwinuko wa Munyonyo upande mmoja na, kwa mbali, vilima vya kuelekea Muyenga na Bunga. Iliyopigwa kutoka nchi kavu kuelekea majini haina budi kuonyesha ng'ambo ya ghuba, na ukibahatika, kisiwa cha Bulingugwe mkabala na Munyonyo. Kisiwa hicho si pambo la mandhari. Januari 1892, baada ya vita vya Mengo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa, na wafuasi Wakatoliki walikimbilia huko, na jeshi la Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza likawafuata kwa bunduki ya Maxim. Watu wengi walikufa majini. Ukiona umbo lake jeusi nyuma ya mitumbwi kwenye picha iliyofifia, ujue unatazama pia kaburi.

Ikumbukwe kwamba Munyonyo, mwendo mfupi kutoka Ggaba, palikuwa na makao ya Kabaka kando ya ziwa. Mwanga alikuwa hapo Mei 1886 yalipopamba moto mauaji ya Wakristo wa jumba lake. Mmoja wao, Andrea Kaggwa, aliuawa hapo tarehe 26. Huyu Mwanga ndiye aliyeanza kuchimbisha lile ziwa linaloitwa la Kabaka huko Ndeeba, akikusudia kulifungulia njia ya maji hadi Nnalubaale. Ziwa lipo, mfereji haukufika. Makao ya Munyonyo yalikuwa ya matete, na yamekwenda zamani. Leo kwenye eneo hilo kuna hekalu la mashahidi, na jirani yake hoteli kubwa za mikutano.

Lazima niseme waziwazi jambo ambalo vitabu vya picha hulipotosha. Tunapoandika "jengo lililotoweka" chini ya picha ya nyumba ya nyasi, tunaomboleza kwa desturi ya wengine. Buganda haikujenga ili jengo likae miaka 300. Mji mkuu, kibuga, ulihama na Kabaka. Mutesa peke yake alikaa Banda, Nakawa, Lubaga na Nabulagala, na kila alipohama, uwanja wa zamani ulirudishiwa migomba na vichaka. Kilichohifadhiwa kilikuwa ujuzi: nani anafunga matete, nani anaezeka, kwa mpangilio gani. Jengo lilikuwa kama ngoma, huwambwa upya ngozi ikichakaa. Kamera ndiyo iliyokuja kugandisha paa moja la mwaka mmoja na kulifanya lionekane kuwa ndilo lenyewe.

Kilima cha Namirembe kinaonyesha kipindi cha mpito kutoka nyasi hadi matofali kuliko mahali pengine popote Kampala. Kanisa kubwa la matete lililofunguliwa mwaka 1892 liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Lililofuata nalo lilikuwa la nguzo na nyasi, na picha zake za ndani ni za ajabu: msitu wa nguzo ndefu zilizovikwa matete, na watu wamekaa chini hadi macho yanapoishia. Kisha likaja la matofali mwaka 1904, ila paa likabaki la nyasi, na Septemba 1910 radi ikalipiga likateketea. Kanisa la sasa, lenye kuba, lilifunguliwa mwaka 1919. Ukizipanga picha hizo mezani unaona mji ukijifunza kwa maumivu kuacha nyasi, na katika kuziacha ukapoteza mafundi wa paa. Ufundi ule ulipungukiwa na kazi hata ukabaki kwa wachache.

Kwa hao wachache tunakwenda Kasubi. Nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka, Muzibu Azaala Mpanga, iliyoanza kama kasri la Mutesa mwaka 1882, iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, miaka 9 baada ya UNESCO kuiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa bahati njema, mwaka 2009 shirika la CyArk na washirika wake walikuwa wameipima kwa miale ya leza, na picha za miaka mingi zilikuwapo. Hata hivyo picha haiezeki. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na ilibidi vijana wafundishwe na wazee namna ya kupanga nyasi ili maji yashuke yasiingie. Ujenzi ulichukua zaidi ya miaka 10, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Nilichojifunza hapo ni kiasi cha msaada wa picha: ilijibu vizuri swali la lilikuwaje, likabaki swali la linafanywaje, ambalo jibu lake lilikuwa mikononi mwa watu.

Turudi Ggaba, kwenye karne ya 20 yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilijenga hapa mtambo wa kwanza wa kusafisha maji ya ziwa na kuyasukuma juu vilimani. Muyenga ikapata matangi yake, na hadi leo watu wengi huiita Tank Hill. Shirika la taifa la maji lilianzishwa mwaka 1972. Mtambo wa pili wa Ggaba ukaanza kazi mwaka 1992 na wa tatu mwaka 2007. Picha za mitambo hiyo hazina mvuto kwa watalii: mabwawa ya kuchujia, mabomba, watu waliovaa kaptula wakiwa wamesimama kando ya pampu. Kwangu mimi hizo ni picha za maana kuliko za gavana na mwavuli wake. Vikombe vingi vya chai vilivyonywewa Kampala kwa karibu karne nzima vilianza safari pale. Zinaonyesha pia lile linalotuumiza leo. Mfereji wa Nakivubo huteremsha maji machafu ya mji hadi kwenye ghuba hii hii, kupitia mabwawa ya mafunjo ambayo zamani yaliyachuja. Linganisha picha ya zamani ya kinamasi na ya leo, utaona mafunjo yalivyoliwa na mashamba, viwanda na nyumba. Kadiri mafunjo yanavyopungua, ndivyo dawa ya kusafisha maji inavyozidi kuhitajika.

Kuna Ggaba nyingine ambayo imehamia nchi ya pili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walianzisha hapa taasisi ya kufundisha wahudumu wa kanisa kutoka nchi mbalimbali. Katika utawala wa Idi Amin hali ilizidi kuwa ngumu, na mwaka 1976 taasisi ikahamishiwa Eldoret, Kenya. Taasisi ilihama na jina lake. Mpaka leo vitabu vilivyochapwa Eldoret hubeba jina la Gaba, kwa herufi moja ya g kama Waingereza walivyoliandika, na msomaji wa Kenya huenda asijue kwamba ni jina la mwalo wa wavuvi kando ya Kampala.

Nimeahidi kuzungumza juu ya ufukwe. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 na miaka iliyofuata zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 kufikia Mei 1964. Kwenye ukingo ulioinama kidogo, mita 2 za kwenda juu ni makumi ya mita za kwenda nchi kavu. Fukwe, miti, bandari ndogo na vibanda kuzunguka ziwa zima vilimezwa. Kwa hiyo picha yoyote ya ufukwe wa Ggaba iliyopigwa kabla ya 1961 inaonyesha ardhi ambayo baadaye ilikuwa chini ya maji, na ukitafuta kusimama aliposimama mpiga picha utalowa. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho kilikuwa hakijaonekana kwa miongo mingi, na miongoni mwa sababu zilitajwa ukame na maji yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja. Watu wakajenga kwenye ardhi iliyojitokeza. Kisha ikaja Mei 2020: kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya ile rekodi ya 1964. Maji yaliingia mwaloni Ggaba, yakazingira vibanda, na sehemu za starehe za ufukweni zikafungwa. Wakati ule wenye vibanda walishangaa kana kwamba ziwa limevamia. Picha za kabla na baada ya 1961 zingewaonya. Ziwa lilikuwa linarudi kwake.

Zipo alama nyingine za kukadiria umri wa picha ya mwaloni, na wavuvi wenyewe huzisoma haraka kuliko wasomi. Tazama samaki. Zamani chungu ya samaki ufukweni ilikuwa ya ngege, yule sato wa asili wa ziwa hili ambaye leo karibu ametoweka katika maji makubwa. Ukiona sangara, mrefu kama mtoto wa miaka sita, basi picha haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1950, maana ndipo alipoanza kupandikizwa, na ikiwa sangara ndio wamejaa, uko miaka ya 1980 au baadaye. Tazama maji. Zulia la kijani lenye maua ya zambarau ni magugumaji, mgeni wa mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 yaliziba mialo mizima. Tazama nyavu, uzi wa nailoni ulienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Picha isiyo na maelezo nyuma yake huanza kusema hivyo, taratibu, kitu kimoja baada ya kingine.

Ni wapi zilipo picha zenyewe? Sehemu kubwa ya studio za Kampala ilikuwa ya Wahindi na Wagoa, na Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Waliruhusiwa kubeba kidogo sana. Studio zilifungwa au zikapita mikononi mwa wengine, na sanduku la negativu halikuwa mali ya thamani machoni pa aliyegawiwa duka. Aprili 1979, vita vilipoingia mjini, ofisi na nyumba ziliporwa. Hivyo picha nyingi za Kampala ya miaka ya 1950 na 1960 ziko leo kwenye kabati za familia huko Leicester, London na Toronto, zikiwa na harusi mbele na mtaa wa Kampala nyuma. Wanafamilia huzihifadhi kwa ajili ya bibi harusi. Sisi tungeomba watazame nyuma yake.

Pamoja na hayo, kuna yaliyonusurika hapa hapa. Mwaka 2015 katika shirika la utangazaji la taifa, UBC, lilipatikana kabati lenye negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali, nyingi za miaka ya Amin. Kazi ya kuziingiza kwenye kompyuta ilifanywa na UBC pamoja na wataalamu wa vyuo vikuu, na Mei 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kamwokya. Tangu mwaka 2011, Andrea Stultiens kutoka Uholanzi na Rumanzi Canon wa Uganda wamekuwa wakikusanya picha za familia na za studio chini ya mradi wa History in Progress Uganda, na kuzitoa katika mfululizo wa vitabu uitwao Ebifananyi. Kitabu cha kwanza kilihusu Deo Kyakulagira, aliyeishi kati ya 1940 na 2000. Yeye alikuwa mpiga picha wa mjini, kazi yake kupiga wateja, kazi za ofisi, na chochote alicholipwa kupiga. Watu kama huyo ndio waliofika mahali ambapo mmisionari hakufika. Fundi wa studio akiitwa kwenye harusi Bunga au mazishi Ggaba alikwenda, na nyuma ya jeneza lile kuna njia, paa la bati, na kipande cha ziwa.

Hapo ndipo Ggaba ya zamani ilipo. Ipo kwenye pembe za picha zilizopigwa kwa ajili ya jambo lingine, na nyumba nyingi za Ggaba, Bunga na Munyonyo zinazo, ndani ya albamu zenye kurasa zilizoshikana kwa unyevunyevu wa ziwa. Wenye kujua majina ya waliomo wanazidi kuzeeka. Kama unayo picha ya namna hiyo, itoe kwenye plastiki kwa upole, igeuze, na kwa penseli laini, si kalamu ya wino, andika nyuma mambo manne: mahali, mwaka hata kama ni wa kukadiria, jina la kila anayejulikana, na upande lilipokuwa ziwa. Kisha umwite mzee mmoja aliyeiona Ggaba kabla ya mafuriko ya 1961, umwombe akuonyeshe kwa kidole maji yalikuwa yakiishia wapi.